Kuoanisha priampu na amplifaya ya nguvu za zamani: mwongozo kamili kwa wapenzi wa muziki wa Mwanza

Seti za muziki za zamani zilizogawanywa sehemu mbili, yaani priampu inayopokea na kurekebisha sauti, na amplifaya ya nguvu inayoisukuma hadi kwenye spika, bado hupatikana Mwanza kwa mtu mwenye subira. Nyingine hupanda na mizigo ya mitumba kutoka Dar es Salaam, nyingine hutolewa stoo na familia zilizozihifadhi tangu enzi za santuri. Tatizo ni kwamba sehemu hizo mbili mara nyingi huwa zimeshaachana njiani: unapata amplifaya ya nguvu ya Kiingereza kwenye soko la Mlango Mmoja, kisha baada ya miezi unaletewa priampu ya Kijapani, na muuzaji anakuapia kwamba vitu hivyo vinafanya kazi pamoja kwa sababu waya unaingia.

Waya kuingia hakuthibitishi lolote. Wanunuzi wengi huanza na jina la kiwanda na idadi ya wati, ilhali mambo hayo mawili ndiyo yanayoeleza kidogo zaidi kuhusu kufaa kwa jozi. Kinachoamua ni mambo matatu yanayoweza kuhesabiwa kabla fedha haijatoka mfukoni: namna kila kifaa kinavyopata umeme wake, volti zinazotoka upande mmoja na zinazohitajika upande wa pili, na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za pande zote mbili.

Hatua ya kwanza: chunguza umeme wa kila kifaa

Umeme wa gridi yetu ni volti 230 kwa hezi 50. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Vifaa vilivyouzwa Japani huandikwa volti 100, na vya Marekani huandikwa 110, 117 au 120. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani huungua fyuzi ukiwa na bahati, au transfoma na kapasita (vijisehemu vinavyohifadhi chaji) ukiwa huna. Vingine vina swichi ya kuchagulia volti nyuma au ndani ya kasha. Usiiamini kwa macho tu, kwa maana mtu mwingine huenda aliizungusha akijaribu. Kama kuna nafasi ya 240, ichague hiyo badala ya 220, kwa kuwa volti za usiku, mzigo wa mtaa unapopungua, zinaweza kupanda juu ya 230.

Kifaa kisicho na swichi hiyo kinahitaji transfoma ya kushusha volti. Kwa priampu, yenye matumizi madogo, transfoma ndogo inatosha. Kwa amplifaya ya nguvu, soma kiwango cha juu cha matumizi kilichoandikwa nyuma, kisha nunua transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu ya kiwango hicho, kwani namba zinazoandikwa kwenye transfoma za bei nafuu huwa na ukarimu uliopitiliza. Usitumie transfoma ya volti 120 kwa kifaa cha Kijapani cha volti 100: ziada hiyo ni asilimia 20, na kifaa kitafanya kazi kikiwa moto hadi siku kitakapochoka. Kumbuka pia kwamba transfoma iliyosanifiwa kwa hezi 60 pekee, kama ilivyo katika baadhi ya vifaa vya Marekani, hupata joto zaidi kwa hezi 50. Vya Kijapani mara nyingi havina tatizo hilo, kwa sababu nchi hiyo yenyewe hutumia hezi 50 mashariki na 60 magharibi.

Jambo la pili katika hatua hii huwanasa hata mafundi. Baadhi ya priampu hazina transfoma yao. Hulishwa umeme na amplifaya ya nguvu kupitia waya maalumu. Kwa mfano, katika vifaa vya Kiingereza, priampu ya Quad 22 ya valvu (taa za kioo zilizokuza sauti kabla ya transista) hupata umeme wake kutoka amplifaya ya Quad II, na priampu za Leak za enzi ya amplifaya ya Stereo 20 hufuata mtindo huohuo. Miongoni mwa vifaa vya transista, priampu za Naim za miaka ya 1970 na 1980 hupokea volti 24 kutoka kwenye amplifaya kama NAP 110 au NAP 140, katika waya uleule unaobeba sauti. Ukiuziwa priampu ya aina hiyo peke yake, umenunua nusu ya kitu. Hesabu gharama ya kuitengenezea chanzo chake cha umeme kabla ya kukubali bei. Na ukiunganisha soketi yenye volti hizo na kifaa cha kampuni nyingine bila kujua kila pini inabeba nini, unaweza kuua vyote viwili kwa mara moja.

Hatua ya pili: linganisha volti

Kila amplifaya ya nguvu ina unyeti wake, yaani volti inazohitaji kupokea ili itoe wati zake zote. Kila priampu nayo ina volti ilizosanifiwa kutoa. Namba hizi mbili zikikaribiana, kitasa cha sauti kitakuwa na nafasi nzuri ya kuzunguka na kelele ya chini itabaki chini.

Chukua Quad 33 na Quad 303, jozi iliyotoka Uingereza mwaka 1967 na ambayo pengine ndiyo mfano bora wa kujifunzia. Amplifaya ya 303 hutoa wati 45 kwa kila upande kwenye spika ya omu 8. Volti zake za kutoka hupatikana kwa kuzidisha wati na omu, kisha kutafuta kipeuo cha pili: 45 mara 8 ni 360, na kipeuo chake ni karibu volti 19. Unyeti wake ni volti 0.5, kwa hiyo inakuza mara 38 hivi. Quad 33 imesanifiwa kutoa volti 0.5 hizohizo. Hakuna cha kukisia hapo. Quad 405, iliyoifuata mwaka 1975 ikiwa na wati 100, nayo huhitaji volti 0.5, ndiyo maana 33 inaiendesha bila marekebisho.

Sasa tazama jozi inayoonekana sahihi kwa jina lakini haikai sawa. Quad II ya valvu, ya mwaka 1953, hutoa wati 15 ikipokea volti 1.4. Ukiiwekea Quad 33 inayotoa volti 0.5, unapata takribani theluthi moja ya volti inazohitaji, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, wati 15 hushuka chini ya 2. Majina ni ya kampuni moja, lakini vizazi ni viwili tofauti.

Kinyume chake hutokea zaidi katika mazingira yetu. Priampu nyingi za Kijapani na za Kimarekani hutoa volti 1 hadi 2 bila shida. Zikiunganishwa na amplifaya inayohitaji volti 0.5, sauti hujaa nyumba kabla kitasa hakijafika robo ya mzunguko, na katika sehemu hiyo ya chini vitasa vya zamani huwa na hitilafu ya kutolingana, upande wa kushoto ukiwa juu kuliko wa kulia. Aidha, mchakacho wa priampu yenyewe hukuzwa bila sababu. Dawa yake ni rahisi: kwa kila upande, weka rizista (kijisehemu kinachopunguza umeme) ya kilo-omu 15 mfululizo kwenye waya wa sauti, na nyingine ya kilo-omu 5.1 kutoka hapo kwenda kwenye waya wa ardhi, zote zikiwa ndani ya plagi inayoingia kwenye amplifaya ya nguvu. Volti hushuka hadi kati ya robo na moja ya tano. Mpangilio huu unafaa priampu za transista. Kwa za valvu soma hatua inayofuata kwanza.

Tatizo hilohilo liko upande wa kuingizia. Quad 33 ilisanifiwa kupokea milivolti 100 kutoka kwenye redio, wakati kicheza CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 20 zaidi. Hapo tumia rizista ya kilo-omu 22 mfululizo na ya kilo-omu 2.2 kwenda ardhini, ili volti 2 zishuke hadi 0.18 hivi. Rizista hizo ni za bei ya chini kabisa katika maduka ya vipuri, na kwa maoni yangu zinafaa kuliko waya wowote wa kifahari.

Hatua ya tatu: linganisha omu

Kanuni inayotumika ni kwamba omu za upande wa kuingizia wa amplifaya ya nguvu ziwe angalau mara kumi ya omu za upande wa kutoa wa priampu. Vifaa vya transista hutimiza kanuni hii karibu kila mara: priampu ya omu mia chache hadi elfu moja ikikutana na amplifaya ya kilo-omu 22 au 47, hakuna mgogoro.

Mgogoro huja valvu inapoendesha transista. Priampu ya valvu kwa kawaida hutoa sauti kupitia kapasita inayozuia umeme wa DC (usiobadili mwelekeo), na kapasita hiyo pamoja na omu za amplifaya huamua besi itaanzia wapi. Tuseme kapasita ni ya mikrofaradi 0.1. Ikikutana na amplifaya ya valvu yenye kilo-omu 470, upungufu wa besi huanza kwenye hezi 3.4, ambako sikio halifiki. Ikikutana na amplifaya ya transista yenye kilo-omu 10, upungufu huanza kwenye hezi 159, na gitaa la besi katika rumba huwa limeshapotea. Msikilizaji atailaumu spika, kisha atainunua nyingine, na besi haitarudi. Hesabu ni hii: gawanya 159,000 kwa zao la omu na mikrofaradi, na jibu litakuwa katika hezi.

Dynaco PAS na Stereo 70, jozi ya Kimarekani iliyoanza karibu mwaka 1960 na iliyouzwa pia ikiwa vipande vya kujiungia nyumbani, huenda pamoja vizuri kwa sababu Stereo 70 ina kilo-omu 470 upande wa kuingizia. PAS hiyohiyo ikiwekwa kwenye amplifaya ya transista yenye omu chache zaidi upande huo, hudhoofika. Kuongeza ukubwa wa kapasita ya kutolea husaidia besi, lakini hakuondoi mzigo ambao valvu inalazimika kuubeba, na upotovu wa sauti huongezeka.

Urefu wa waya pia uko katika hesabu hii. Waya wa sauti nao huhifadhi chaji kidogo kama kapasita, takribani pikofaradi 100 kwa mita katika nyaya za kawaida. Kwa priampu yenye kilo-omu 10 upande wa kutoa, waya wa mita 10 huanza kula sauti nyembamba kwenye hezi 16,000. Weka vifaa viwili karibu, urefushe waya wa spika badala yake.

Hatua ya nne: washa kwa tahadhari

Usiwashe kifaa kilichokaa miaka mingi kwa kukichomeka ukutani. Fungua kwanza kasha, kikiwa hakijachomekwa, uondoe vumbi, mayai ya mijusi na mabaki ya wadudu. Safari ya lori hadi Mwanza huvunja lehemu za transfoma nzito na za soketi. Zitazame kwa tochi, uguse kila moja kwa kijiti kikavu. Kapasita iliyovimba au iliyovuja majimaji ibadilishwe kabla ya jaribio lolote.

Kisha tumia balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyounganishwa mfululizo na kifaa. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Zile za nyuzi ambazo wafugaji hutumia kuwapa vifaranga joto zinafaa, ilimradi wati zisizidi hizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zinajaa na kifaa kina dalili njema. Ikibaki imewaka kwa ukali, kuna shoti ndani, zima mara moja. Amplifaya ya valvu itabakiza mwanga kiasi kwa sababu ya umeme wa kupasha valvu, na hilo si kosa. Usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika au rizista ya mzigo, kwa kuwa transfoma yake ya kutolea inaweza kuharibika.

Kabla ya kugusa ndani baada ya kuzima, punguza chaji ya kapasita kubwa kwa rizista ya kilo-omu 10 ya wati 10, ngoja dakika kadhaa, kisha pima hadi mita isome chini ya volti 2. Ndani ya amplifaya za valvu mna volti 300 na zaidi. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpe fundi redio anayeielewa. Wako mjini, hasa wazee waliojifunza kwa redio za valvu.

Kipimo kinachofuata ni cha DC. Pima volti za DC kwenye soketi za kutolea za priampu, zisomeke milivolti chache tu. Priampu yenye DC ya milivolti 50 ikiingia kwenye amplifaya inayokuza mara 30 bila kapasita ya kuizuia, inapeleka volti 1.5 za DC kwenye spika, na koili ya spika hupata moto bila kutoa sauti yoyote ya kukuonya. Kwenye soketi za spika, chini ya milivolti 50 kunakubalika. Hapa Quad 303 ina faida ambayo wapenda namba huidharau: spika zake hulishwa kupitia kapasita kubwa, hivyo hata transista ikifa, DC haifiki kwenye spika. Kwa mji ambako spika nzuri ni ngumu kuzipata kuliko amplifaya, mimi huuheshimu sana usanifu huo.

Hatua ya tano: unganisha, kisha uwinde mvumo

Vifaa vya Kiingereza na vya Kijerumani vya enzi hizo hutumia soketi za duara za DIN, na vya Kijapani na Kimarekani hutumia RCA, zenye pini moja ya katikati. Waya wa kubadilisha DIN kuwa RCA unapatikana, lakini pini hazipangwi sawa katika kila kifaa, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuamini rangi. Naim wana sharti jingine: amplifaya zao za nguvu za zamani hutegemea waya wa spika wenye sifa fulani na urefu usiopungua mita 3.5 ili zitulie. Waya mfupi mno, au ule mpana uliosukwa kwa ustadi wa kuonyesha wageni, unaweza kuzifanya zitetemeke kwa masafa yasiyosikika hadi ziungue.

Washa priampu kwanza, subiri, kisha amplifaya ya nguvu. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Mpangilio huu huzuia mshindo wa priampu usifike kwenye spika. Soketi za umeme zilizoko nyuma ya baadhi ya priampu, ambazo zilikusudiwa kuwasha seti nzima kwa swichi moja, zina kikomo cha wati kilichoandikwa kando yake, na baada ya miaka 50 swichi hiyo haistahili kubeba amplifaya kubwa.

Mvumo ukisikika, chomoa nyaya za priampu na uweke kwenye amplifaya plagi zilizofungwa kwa shoti, yaani pini ya sauti imeunganishwa na ya ardhi. Mvumo ukibaki, tatizo liko ndani ya amplifaya, na mara nyingi ni kapasita za chanzo cha umeme. Ukitoweka, rudisha nyaya na uanze kuchomoa chanzo kimoja kimoja. Sababu ya kawaida ya mvumo ni vifaa viwili kuunganishwa na ardhi kwa njia mbili, ya plagi na ya waya wa sauti. Hapo wapo wanaokata waya wa ethi kwenye plagi. Usifanye hivyo kamwe: kasha la chuma lenye transfoma yenye umri wa nusu karne ni kitu cha kuwa na ethi, na katika nyumba nyingi zetu ethi yenyewe inahitaji kukaguliwa na fundi umeme kwanza. Peleka plagi zote kwenye soketi moja ya ukutani, na kama mvumo bado upo, tenganisha ardhi ya waya wa sauti upande mmoja tu.

Mahali pa kuviweka

Kanda ya Ziwa ina ngurumo nyingi za usiku, na radi iliyopiga nguzo ya mbali hufika kwenye soketi. Stabilaiza haizuii radi; chomoa plagi, na antena kama ipo. Wanaotumia invata ya sola wahakikishe inatoa wimbi safi, kwa sababu invata za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi linalofanya transfoma zivume na kupata joto.

Vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku huingia kwenye matundu ya kupozea. Kufunika amplifaya kwa kitambaa kunaziba hewa, nako ni kubaya kuliko wadudu. Iweke mbali na dirisha na taa, uache sentimita 10 juu yake, na usiweke priampu mgongoni mwake: joto hukausha kapasita, na transfoma hupeleka mvumo kwenye sehemu inayopokea milivolti chache za santuri.

Kama huna jozi, anza na ipi

Nunua amplifaya ya nguvu kwanza, isipokuwa kama lengo lako ni santuri, kwa kuwa pikapu ya sumaku (kichwa chenye sindano ya santuri) hutoa milivolti chache na huhitaji sehemu ya priampu yenye kilo-omu 47 na marekebisho ya RIAA, yaani ya kusawazisha besi na sauti nyembamba za santuri. Kwa anayesikiliza kutoka kwenye simu au kicheza CD, amplifaya yenye unyeti wa volti 0.5, kama 303, inaweza kuendeshwa kwa muda na kitasa tupu cha sauti: potenshometa ya pande mbili ya kilo-omu 10, ya aina ya logi, ndani ya kasha dogo la chuma lililounganishwa na ardhi ya waya wa sauti. Waya wa kutoka hapo usizidi mita moja. Priampu inayofaa itakapopatikana, potenshometa hiyo itakusaidia kuijaribu: sikiliza amplifaya bila priampu, kisha ukiwa nayo, kwa sauti ya kiwango kilekile, na kila kelele au upungufu wa besi unaoongezeka utakuwa wa priampu.